Kibati Namba Kumi na Saba

"Usiivae miwani hii ukiwa umesimama, afande," Harjit Sodhi alisema. "Watoto hawaanguki. Watu wazima ndio huanguka."

Sajini Effie Gouthro akavuta kiti, akaketi. Ilikuwa Alhamisi saa nne asubuhi, lakini ndani ya chumba cha taa cha mgodi wa Namba Nne giza lilikuwa limetanda kama vile jua lilisahau kufika Port Calder. Yeye mwenyewe ndiye aliyeamuru umeme wa makumbusho ukatwe tangu jana mchana, ili mtu asije akafuta kumbukumbu za kompyuta akiwa nyumbani kwake. Mashine ya Sodhi sasa ilikuwa ikinyonya betri ya gari la polisi kwa waya mrefu uliopitishwa dirishani.

Mwalimu Gaston Doucet hakuwa ameonekana tangu Jumanne jioni. Gari lake lilikutwa juu ya majabali, pale alipoliacha siku zote akija mgodini kwa miguu, na kwa sababu hiyo nusu ya mji ilikuwa ufukweni saa hiyo ikipekua mawe na mwani. Boti tatu zilikuwa majini. Mkewe alikuwa amesimama juu ya jabali tangu alfajiri, amekataa chai, amekataa koti. Huko chini mgodini hakuna aliyetafuta. Watafute nini? Ubao ulikuwa umejaa.

Ubao wenyewe ulikuwa ukutani nyuma ya Effie: misumari ishirini na minne, na kila msumari kibati cha shaba chenye namba. Ukishuka, unachukua kibati chako na kwenda nacho. Ukipanda, unakirudisha. Msumari mtupu ni mtu aliye chini. Mgodi ulifungwa zamani na wanaoshuka siku hizi ni watalii na watoto wa shule, ila hujapata kumwona mzaliwa wa Port Calder akiweka mguu kwenye ule mteremko bila kibati. Jana mkuu wa kikosi cha uokoaji aliingia, akahesabu vibati ishirini na vinne, akavaa kofia yake na kuelekea baharini. Watu hawa huuamini ubao ule kuliko redio.

"Jumatatu ulimpigia mwalimu kelele," Effie alisema. "Mfagiaji alikusikia ukiwa mlangoni. Ulimwambia, 'Utakuja kujuta.'"

Sodhi alikuwa kijana mrefu wa Halifax, kilemba chake kikikaribia kugusa boriti. Yeye ndiye aliyeupima mgodi kwa mashine na kuujenga upya ndani ya miwani, ili mtoto akikaa darasani ajione yuko chini mwaka 1952. 

"Nilisema. Sikatai. Vaa uone kilichonifanya niseme."

Effie akavaa.

Chumba kikayeyuka. Alikuwa chini, tena chini kabisa, dari ikimgusa utosini, na mbele yake wanaume kumi na mmoja wenye nyuso nyeusi kwa makaa walikuwa wakikohoa kwa moshi. Baba yake alikuwa amefanya kazi kwenye shimo hili miaka thelathini, na katika miaka hiyo yote Effie hakuwahi kuomba apelekwe kuona. Mbele ya wale wanaume ukuta wa matofali ulikuwa ukijengwa kutoka upande wa pili. Ulikuwa umebaki upenyo wa kiasi cha dirisha. Mmoja wa wanaume alichukua jiwe akawa anagonga: ko, ko, ko. Katika upenyo ulitokea uso wa mwanamume mwenye masharubu, tofali mkononi. Alisimama. Aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza. Kisha akaliweka tofali, na giza likaingia.

"Mungu wangu," Effie alisema. "Huyo si Rory Penney?"

Kila mtu wa mji ule aliujua uso huo. Sanamu yake ilikuwa langoni. Rory Penney aliyerudi motoni mara tatu akatoa watu, kisha akajenga ukuta kuzima moto ili wengine mia na arobaini wapone. Waliobaki ndani walikuwa wameshakufa. Hivyo ndivyo walivyofundishwa wote.

"Ndiye," sauti ya Sodhi ilisema kutoka mahali fulani nje ya giza. "Mashine yangu ilipopenya nyuma ya ukuta ilikuta mikwaruzo upande wa ndani. Mingi. Kwa hiyo walikuwa hai, hilo sibishi. Lakini mwalimu alitaka Rory asimame na asikilize. Nikamwambia, mwalimu, nani alikuambia alisikia? Hiyo si historia, hiyo ni kukisia! Ukiandika kitabuni mtoto atabisha. Ukimwonyesha kwa macho yake, atakufa akiamini. Akanijibu kuwa Ijumaa watoto wataona, basi. Ndipo nikampigia kelele."

"Na Ijumaa ni kesho."

"Ni kesho."

Mtu aliyeogopa somo la kesho alikuwa na sababu ya kumtoa mwalimu njiani mapema. Sodhi alikuwa mmoja, na alikuwa na funguo za kila mlango. Lakini mwenye hatia gani humpa polisi silaha ya kumpigia?

"Nasikia kuna miwani nyingine, ile nyepesi ya kutembea nayo," alisema. "Mwalimu alikuwa nayo?"

"Jozi moja haipo. Ile unaivaa mgodini kwelikweli, inakuwekea mambo ya kale juu ya mahali uliposimama. Alikuwa anaijaribu." Vidole vyake vilisikika vikigonga vitufe. "Haichukui sauti wala picha. Inaleta tu mahali ulipo na upande unaotazama. Ngoja... Afande. Ipo. Jumanne, saa kumi na moja na robo jioni."

"Nionyeshe."

"Utaona taa moja. Hiyo ndiyo yeye. Mstari mwembamba unaotoka kwenye taa ndiyo macho yake."

Taa ikawaka gizani, hatua kumi mbele yake, na ikaanza kushuka. Effie aliinuka bila kukumbuka alichoambiwa, akaifuata kwa kusogezwa na mashine, kiwiko kimoja kikiwa kimeng'ang'ania meza asiyoiona. Hakukuwa na sauti yoyote. Taa ilipita njia panda ya kwanza, ikapita ya pili. Ilikuwa ikiyumba polepole, kwa mwendo wa mtu mrefu anayeinama, na Effie akajikuta ananong'ona, "Rudi, mwanangu. Rudi." Njia panda ya tatu taa ilisimama ghafla. Mstari wa macho ukageuka nyuma, ukamjia Effie usoni.

Nywele zilimsisimka. Aligeuka kutazama nyuma yake, na nyuma yake hapakuwa na kitu ila jiwe.

"Kuna mtu amemwita," alisema.

"Huyo mtu haonekani, afande. Hakuvaa miwani."

"Najua haonekani. Nyamaza kidogo."

Mstari haukuwa umenyooka. Ulikuwa ukiteremka, na ulitulia mahali pamoja karibu dakika nzima. Unapoongea na mtu unamtazama usoni. Effie alisogea mpaka mstari ukamgusa, akajipima kwa mkono: ulikomea chini kidogo ya bega lake, na yeye mwenyewe hakuwa twiga. Doucet alikuwa na urefu wa futi sita na inchi tatu. Aliyeongea naye alikuwa mfupi, mfupi sana. Kisha mstari ukahamia kushoto, kwenye njia iliyozibwa kwa mnyororo, ambayo wageni hawapitishwi. Taa ikaingia humo. Ikawaka mara mbili, ikazimika.

"Mawimbi yanaishia hapo," Sodhi alisema.

Effie alivua miwani. Kijasho chembamba kilikuwa kimemshuka mpaka shingoni.

"Alishuka, Sodhi. Na hakupanda."

"Lakini ubao..."

"Ubao!" Alikwisha fika ukutani na tochi. Alianza namba moja, akakishika kila kibati, akakipima kiganjani na kukirudisha. Shaba ni nzito na ni baridi. Alikuwa amechezea kibati cha baba yake tangu hajaota meno. Kumi na nne. Kumi na tano. Kumi na sita. Alipoondoa cha kumi na saba mkono ulipanda wenyewe, kama mtu aliyeinua birika akidhani lina maji.

Sodhi alikodoa macho. "Hicho ni changu! Nilivichapisha kwa mashine, vya watoto kushikashika darasani. Ni plastiki iliyopakwa rangi." Kisha akaelewa alichosema, na uso ukamsawajika. "Afande, mimi sikukiweka hapo. Naapa."

"Tulia. Nikuulize. Tuseme umemfungia mtu huko chini, na kibati chake unacho mkononi. Hutaki atafutwe. Ungefanyaje?"

"Ningekirudisha kwenye msumari."

"Mara moja?"

"Sasa ningesubiri nini?"

"Ndiyo hapo. Wewe, mimi nikiwa mgeni, yeyote mwenye akili timamu, angekitundika akaenda zake kula. Lakini mtu aliyekulia hapa hawezi. Nilikuwa na miaka sita, nilitundika kibati cha baba kwa mzaha kabla hajatoka. Mama hakunichapa kabla ya siku ile wala baada yake, ila siku ile nililala kwa tumbo. Kutundika kibati cha mtu aliye chini ni kusema asitafutwe. Ni kumuua kwa mkono wako." Alikirusha kile cha plastiki mezani. "Huyu alikuwa na ujasiri wa kumfungia mtu, lakini mkono ulimgomea msumarini. Kwa hiyo akaweka hiki cha bandia. Kibati chenyewe bado anacho, hana pa kukiweka."

Nje, kwenye kokoto, viatu vyenye visigino vya chuma vilikuwa vikija polepole.

Mzee Wilf Penney, mtembezaji mkuu wa wageni, alikuwa ameitwa saa nne na nusu kuja kutambua vifaa. Alikuwa na miaka sabini na sita, na kichwa chake kilifika begani kwa Effie. Sikio la kushoto lilikufa kwa baruti zamani, hivyo aliingia amelipeleka mbele la kulia.

"Binti wa Angus! Wamekuacha gizani kama kuku? Mmempata yule Mfaransa wetu?"

"Bado, Mzee Wilf. Kaa. Hebu nitolee vilivyomo mfukoni."

Mzee akacheka. "Unataka nikuoe? Maana aliyekuwa akinikagua mifuko ni marehemu mke wangu peke yake."

"Toa, mzee."

"Effie. Mimi ndiye niliyembeba baba yako mgongoni siku mapafu yalipomgomea."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba, silazimishi. Bado."

Kicheko kilikauka. Alitoa leso. Akatoa peremende za mnanaa. Halafu akaweka mezani kibati cha shaba, taratibu, asije akakiumiza. Kumi na saba.

Effie alitamani kulia kwa hasira, maana mtu huyu alikuwa amekula meza moja na baba yake.

"Yuko hai?"

"Tena mzima kabisa!" Mzee alionekana kutuliwa mzigo. "Mnanionaje nyie? Alitaka kuona upande wa ndani wa ukuta kwa macho yake. Nikampitisha njia ya zamani ya hewa, alipoingia nikamfungia mlango wa chuma. Ana maji, mkate, blanketi mbili, taa. Ningemtoa Jumamosi asubuhi. Somo la kesho likishapita bila mwalimu, wale wa bodi ya shule wangelipiga marufuku. Wameniahidi."

"Kwa ajili ya somo la watoto, mzee?"

"Mjukuu wangu Shona yumo darasani humo!" Sauti ilimkatika. "Umeliona wewe? Atavalishwa madude hayo, atasimama ndani na wale wanaokufa, atamtazama babu wa baba yake akimzibia matofali. Anawasikia wakigonga na bado anawazibia! Nani alimwona baba yangu akisikiliza? Ukuta ule ni wa matofali matatu unene. Nilimuuliza mwenyewe akiwa kitandani anakufa. Baba, ulisikia kitu? Akaniambia, Wilf, pale hapasikiki kitu. Hapasikiki hata mzinga."

Alijipangusa kwa leso. Kisha akatazama dari, kwa mara ya kwanza.

"Mbona hamuwashi taa, lakini?"

"Nilikata umeme," Effie alisema.

"Wa hiki chumba."

"Wa makumbusho yote."

"Tangu lini?"

"Jana saa sita mchana."

Mzee Wilf aliinuka nusu, akashika ukingo wa meza. "Pampu," alisema. "Effie, pampu. Na feni. Kule alipo ndiko bondeni kwenyewe. Maji yote ya Namba Nne huteremkia kule."

Saa ishirini na mbili na nusu. Effie alizihesabu. Ni yeye. Kwa mkono wake mwenyewe, kwa akili yake nyingi, alikuwa amemfungulia Doucet bahari.

"Sodhi! Piga simu kikosi cha uokoaji, waambie waache boti waje hapa. Halafu rudisha umeme hata kama ni kwa kuvunja sanduku. Mzee, mbele yangu."

"Wako mbali, afande, ni mwendo wa nusu saa!"

"Basi waambie wakimbie!"

Hata katika haraka ile alinyakua kibati kimoja msumarini, na Mzee Wilf akanyakua chake. Walishuka kwa taa mbili na kipima hewa kilichokuwa kikilia kila hatua ishirini. Ndani ya miwani mgodi ulikuwa kimya. Huku ulikuwa ukitiririka kila upande, na Effie aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa tangu avae sare. Njia panda ya tatu walivuka mnyororo wakaenda hatua kumi na tano, na ya kumi na sita ikaingia majini.

Maji yalikuwa meusi, yametulia. Mbele, dari ilikuwa imezama kabisa.

"Mlango uko wapi?"

Mzee aliinua mkono, akaelekeza katikati ya maji.

"Kuna njia nyingine?"

"Hakuna."

"Mzee Wilf! Kuna njia nyingine?"

"Ni ukuta," alisema. "Ukuta wa baba tu."

Walirudi mbio, kama inawezekana mzee wa sabini na sita kukimbia ameinama. Ukuta ulikuwa mwisho wa njia ya wageni, umepakwa chokaa, na taji la maua ya plastiki limetundikwa hapo. Kipima hewa kilisoma vizuri upande huu. Effie aling'oa taji, akalitupa. Alitwaa nyundo kubwa kutoka kwenye vifaa vya maonyesho ukutani, akagonga mara tatu, kisha akaweka sikio.

Hakuna.

"Nimekuambia," mzee alisema. Alikuwa akilia. "Utavunja wapi nawe hujui kama yuko huku au amekimbilia kule? Ukuta una mita tisa. Hapa hapasikiki kitu, Effie. Hapajawahi kusikika."

Akagonga tena, kwa nguvu zake zote, mara tatu. Matone yalianguka. Alihesabu mpaka ishirini na akaogopa kufika thelathini.

Ko. Ko. Ko.

Ilitoka kushoto, chini kidogo, hafifu lakini safi, jiwe juu ya tofali. Effie alishika pumzi. Ikaja tena, haraka zaidi sasa, mtu anagonga bila mpango, mtu anayekata tamaa ya kusikiwa.

Hakuhitaji kumwuliza Wilf kama amesikia. Mzee alikuwa amegeuka na sikio lake bovu, lile la baruti, ndilo lililoelekea ukutani, na uso wake ulikuwa umepoteza damu yote. Alinyoosha kiganja akakibandika juu ya chokaa. Kila pigo lililokuja lilimtikisa bega.

"Kama mimi nasikia," alisema. "Na masikio haya."

"Mzee."

"Yeye alikuwa na miaka thelathini na mbili. Alisikia vizuri kabisa, Effie. Alisikia, akaweka tofali, akaja nyumbani, tukala."

Effie alimtia nyundo mikononi, akayakunja mwenyewe yale makucha ya kizee juu ya mpini, akamsogeza kushoto, mahali sauti ilipokuwa ikitoka.

"Piga," alimwambia.